Ulifika Ngapi?

Nilipotua Mwanza, swali la kwanza halikuwa habari za safari. Kijana wa bodaboda anayepaki mbele ya duka langu alisubiri nimalize kufungua makufuli, akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza matokeo ya mtihani: "Mzee, ulifika ngapi?"

Nilijua anachotaka: spidi niliyoifikia kwenye uwanja wa mbio za magari kule Afrika Kusini. Nikamwambia kilomita mia na tisini na tano kwa saa. Akapiga mluzi, akakimbilia kwa wenzake kijiweni. Jioni, nilipokuwa nafunga duka, mtu nisiyemfahamu alinisimamisha akitaka kuhakikisha kama ni kweli nilifika mia tatu.

Mpaka leo hakuna aliyeniuliza nilisimamaje.

Mimi ni muuza spea. Breki pedi, shokapu, bushi, plagi, hizo ndizo zinazosomesha watoto wangu. Gari naendesha tangu 2003, bila kuhesabu utoto nilioumalizia kwenye lori la Bedford la mjomba, aliyekuwa akibeba pamba kutoka Magu na Bariadi. Mjomba ndiye aliyenifundisha. Leseni niliipata kwa njia ambayo watu wa rika langu wanaielewa, tusiingie huko. Gari langu ni Toyota GX110, na katika miaka yote hiyo sijagonga mtu wala ng'ombe. Kwa hiyo nilijihesabu dereva, tena dereva mzuri, na kuna vijana kadhaa Nyakato na Igoma niliowafundisha mwenyewe.

Mwezi wa saba tulikwenda Johannesburg kwa ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, mdogo wake mama Neema. Siku mbili kabla ya kurudi, shemeji akanipa bahasha. "Shem, wewe mtu wa magari," alisema. "Nimekulipia nusu siku Kyalami. Watakupa Porsche 911, na mwalimu."

Neno Porsche nililisikia vizuri. Neno mwalimu lilinipita. Mama Neema ndiye aliyelidaka: "Baba Neema, kumbe miaka yote hii tulikuwa tunapanda gari la mwanafunzi?"

Kyalami ni uwanja wa mbio za magari ulio kati ya Johannesburg na Pretoria, ulifunguliwa 1961. Njiani shemeji alinisimulia kwamba ni hapo, mwaka 1993, mbio za Formula 1 zilipofanyika Afrika kwa mara ya mwisho, Alain Prost akashinda, na tangu hapo bara zima linaziangalia mbio hizo kwenye televisheni. Mimi nilichoganda nacho ni jina. Limetoka kwenye Kizulu, khaya lami, yaani nyumbani kwangu. Kwetu Usukumani ukisema kaya hakuna wa kukuuliza maana yake. Nikapita getini nikijiona mwenyeji, hali iliyonidumu kama dakika ishirini.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kizulu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, mfupi, mpole, hana haraka na chochote. Asubuhi nilimwita dada. Mchana nilikuwa namwita mwalimu, na sikumbuki nilibadilisha saa ngapi.

Hakuanza na injini. Ile injini nilikuwa nimeisoma usiku kucha: silinda sita zilizolala, lita 3.0, turbo mbili, nguvu za farasi 385, na imefungwa nyuma kabisa, mahali ambapo sisi tunaweka tairi la akiba. Nilikuwa tayari kuijadili. Yeye alichuchumaa kwenye tairi. Ilikuwa kipupwe cha huko, pumzi zinatoka mdomoni kama moshi, na tairi la mbio likiwa baridi halishiki lami inavyotakiwa. Alipima upepo, akaandika, akasema atapima tena baada ya mizunguko kwa sababu joto hupandisha. Kisha akanionyesha kiganja chake. Sehemu ya tairi inayogusa lami, alisema, haizidi sana hapa. Viganja vinne, basi. Kila utakachofanya leo, kuongeza mwendo, kufunga breki, kukata kona, unakiomba kwa viganja hivi vinne, na havina vya kukupa vyote kwa wakati mmoja.

Nikaingia kwenye kiti, nikakaa kama ninavyokaa siku zote: mgongo umelala, mkono mmoja juu ya usukani, kiwiko dirishani. Ni mkao wa Kenyatta Road jioni ya Ijumaa. Alinitazama kitambo bila kusema kitu, kisha akainama, akavuta kiti mbele, akasimamisha mgongo wake, akashusha usukani. Niegemeze mabega, ninyooshe mkono: kifundo cha mkono kikae juu ya usukani bila bega kubanduka kwenye kiti. Nikanyage breki mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Nilijisikia kama mtoto aliyesogezwa karibu na sahani yake.

Mikono ikae tisa na tatu, kwa mfano wa uso wa saa. Hapo nilicheka peke yangu, ikabidi nimweleze. Kwetu mshale ukiwa kwenye tisa tunasema saa tatu, ukiwa kwenye tatu tunasema saa tisa. Kwa hiyo amri yake Mswahili anaweza kuipindua kichwa chini miguu juu na mikono ikabaki palepale. Alifikiri kidogo, akacheka, akaniambia nifunge mkanda.

Nilitegemea tuanze na mbio. Tulianza na kusimama. Aliweka koni mbili mwisho wa kipande kilichonyooka, nifikishe mia, na nikifika kwenye koni nikanyage breki kana kwamba nataka kuivunja. Mara ya kwanza nilibonyeza kistaarabu, nikiongeza kidogo kidogo, kama mtu aliyepakia trei za mayai. Gari likasimama huko mbele, kwa wakati wake. "Hujakanyaga," alisema. "Umeomba."

Mara ya pili nilikanyaga. Pedali ikaanza kutetemeka na kugonga chini ya unyayo, nikashtuka, nikaachia, nikakanyaga tena, nikaachia. Hapo ni mjomba alinyoosha mkono kutoka kaburini. Bedford yake haikuwa na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Ukikandamiza breki, magurudumu yanajifunga, lori linaserereka, na usukani haukusikilizi tena hata ukiuzungusha mpaka kesho. Kwa hiyo alinifundisha kupampu: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kwa lori lile, kwenye vumbi lile, ilikuwa elimu sahihi kabisa na pengine ndiyo iliyomfikisha uzeeni. Lakini ABS inafanya kazi hiyohiyo yenyewe, kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauna, na ule mtetemo ndio kazi yenyewe inayofanyika. Ukiachia, unainyang'anya jembe katikati ya mtaro. Nimeuza sensa za ABS miaka kumi na mbili, nazijua kwa namba zake, na sikuwahi kuusikia mtetemo wake chini ya mguu wangu mpaka siku ile. Ni sawa na muuza dawa ambaye hajawahi kuumwa.

Tulirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Mara ya mwisho mkanda ulinibana kifua, simu ikaruka kutoka mfukoni, na gari likasimama kama limegonga ukuta wa magodoro. Tukashuka tukapima kwa hatua. Mara ya kwanza zilikuwa zaidi ya themanini. Safari hii hazikufika hamsini. Gari lilelile, tairi zilezile, mtu yuleyule. Akaniuliza nikiwa mia natembea mita ngapi kwa sekunde moja. Muuza spea hashindwi hesabu: kama 28. Basi, alisema, ukishangaa sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, umeshapita mita 28 na hata hujaanza kusimama. Akaongeza kwamba mwendo ukiuzidisha mara mbili, umbali wa breki hauzidi mara mbili bali mara nne. Hilo nililijibu kwenye mtihani wa fizikia kidato cha tatu na nikapata tiki. Sikuwahi kulihusisha na barabara ya Shinyanga.

Kipande cha maji nitakipita haraka, kwa sababu nilikifanya vibaya. Wanamwaga maji kwenye lami laini, unazungusha gari, mkia unakukimbia, na wewe unatakiwa kupeleka usukani upande uleule mkia unakokwenda, macho yakiwa kule unakotaka kutokea. Kusema ni rahisi. Mimi nilizunguka kama pia mara nne, mara ya tano nikaokoa nusu. GX110 nayo inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nilikumbuka mvua moja ya vuli pale Usagara ambayo siku zote nilikuwa nikiihadithia kama ushahidi wa ufundi wangu. Baada ya kipande kile cha maji nimeacha kuihadithia. Ilikuwa bahati.

Kisha ndiyo tukaingia uwanjani, kofia ngumu kichwani, mzunguko wa kilomita nne na nusu wenye milima na mabonde ambayo kwenye televisheni huyaoni. Kuna mteremko unaitwa Mineshaft, yaani shimo la mgodi. Mtu wa kanda ya Ziwa akisikia shimo la mgodi anafikiria Bulyanhulu na mtoto wa jirani aliyeko chini huko, hafikirii burudani. Lami inadondoka mbele yako, huoni inakokwenda, na chini yake kuna kona wanaziita Crocodiles. Mamba. Nikamwambia mwalimu kwamba kwetu ziwani mamba wapo wa kweli na hatuwafuati kwa mwendo huu.

Kosa langu uwanjani lilikuwa moja, na alilirudia kulitaja kwa sauti ileile ya upole mpaka nikaanza kulisikia kabla hajafungua mdomo: macho. Naangalia boneti. Naangalia pale gari lilipo badala ya pale litakapokuwa. Nikiogopa ukingo wa kona, naukodolea ukingo, na gari linaufuata kama ndama anavyofuata mkono wenye chumvi. Alichokifanya ni kuegemea mbele na kuninyooshea kidole kupitia dirisha la pembeni, siyo kioo cha mbele, la pembeni, kwa sababu kona ilipokuwa kali mahali pa kutazama palikuwa huko. Nilipoanza kutazama huko, mikono ilijua yenyewe la kufanya. Sikuiambia kitu. Sijui niielezeje hali ile. Ni kama kumimina chai kutoka kwenye birika refu: ukitazama kikombe haimwagiki, ukitazama mkono inamwagika.

Na kona zenyewe: breki zote unazimaliza kabla hujaikata, gari likiwa limenyooka, kisha ndiyo unageuza. Unaingia taratibu kuliko unavyotaka, unatoka mbio kuliko ulivyotegemea. Mimi nilikuwa naingia kishujaa, nikifika katikati naogopa, nakanyaga breki, pua ya gari inagoma kugeuka na kwenda moja kwa moja. Viganja vinne vilikuwa vimeshatumika vyote.

Mia na tisini na tano niliifikia kwenye kipande kilichonyooka, na nakiri haikuwa na chochote. Mguu chini, kelele nyuma ya mgongo, namba inapanda. Neema angeweza kuifanya. Kazi ilikuwa pale mwisho wa kipande.

Mwishoni alikaa yeye kwenye usukani na mimi pembeni. Nilitegemea fujo. Mikono yake haikutembea. Alikuwa akizungumza nami habari za bei ya vipuri, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele, huku shingo yangu ikivutwa kushoto na kulia na tumbo likibaki kona ya nyuma. Mzunguko wa mwisho tulikwenda polepole bila kugusa breki, zipoe. Tulipopaki nikanyoosha kidole kuelekea breki ya mkono, kwa mazoea. Akaniwahi. Breki zikiwa za moto hivyo usizifunge, pedi zimekaa zimebana sehemu moja ya diski na joto haliondoki sawasawa. Mimi, niliyeuza diski zilizopinda kwa watu na kuwaambia ni ubovu wa barabara, nilikaa kimya.

Nyumbani, kitu cha kwanza nilikwenda kuchuchumaa kwenye GX110. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Mbili za mbele zilisoma 3813. Wiki ya 38, mwaka 2013. Ya nyuma kushoto ilikuwa 0611. Niliinunua kama mpya, ina vinywele vyake vya mpira, inang'aa, na aliyeniuzia aliapa kwa mama yake. Mimi ninayewaambia wateja kila siku waangalie tarehe kwenye kopo la mafuta ya breki! Nilibadilisha zote nne, na mama Neema alipouliza bei nilimwambia nusu yake.

Halafu niseme jambo ambalo si la kujisifu. Wiki ya kwanza nilikuwa hatari kuliko nilivyokuwa kabla ya kwenda. Kule wanafundisha kuitumia barabara yote: anzia ukingo wa nje, gusa ndani, tokea nje. Asubuhi moja baada ya Kisesa nilikata kona hivyo, nikijisikia mwepesi kama ndege, na nikakutana na fuso la mkaa uso kwa uso. Tulipishana. Dereva wake alifungua mdomo na sikuhitaji kusikia. Kyalami wote wanakwenda upande mmoja, kuna mtu wa bendera, kuna changarawe ya kukupokea ukikosea. Barabara ya Magu nusu yake ni ya mwenzako, na ukingoni kuna mama anauza maembe. Nilisimama kwenye kivuli karibu na Nyanguge, mikono ikitetemeka tisa na tatu, na nikaufuta mstari ule kichwani.

Breki ndiyo iliyobaki. Wiki kama tatu baadaye, barabara hiyohiyo, niko themanini, ndama akatoka kwenye mtama na mtoto nyuma yake, hatazami chochote ila mkia wa ndama. Mguu ulifika wenyewe. Nilisikia mtetemo na nikauacha utetemeke. Kwa sekunde ile macho yalitaka kumkodolea mtoto, nikayang'oa kwa nguvu, nikayapeleka kwenye uwazi nyuma yake, na gari, likiwa bado linafunga breki, likageuka kuufuata. Likasimama mshazari. Mtoto aliniangalia, akaendelea kumkimbiza ndama.

Hiace iliyokuwa nyuma yangu, ambayo sikuiwaza hata kidogo, ilipita ubavuni kwa honi ndefu na ikaishia kwenye majani. Konda akashuka kabla haijatulia. "Mzee, unasimama hivyo kwani umeona jini?" Nilimwomba radhi. Nilistahili, maana dakika tano zilizopita niliiona kwenye kioo ikiwa imenigandia na sikufanya chochote. Hilo Kyalami hawakunifundisha, kwa sababu kule hakuna Hiace. Siku hizi nikiona daladala limenigandia napunguza na kulipisha, na vijana wa kijiweni wanasema Afrika Kusini imenizeesha.

Sasa Neema ana miaka kumi na tisa na anataka kujifunza. Jumapili moja baada ya misa tulikwenda Buswelu, kwenye kiwanja kikubwa cha vumbi. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kiti tu, na alikaribia kulia. "Baba, tutaondoka lini?" Mama yake alikaa nyuma akila karanga, anafurahia kila kitu.

Nikampandisha mpaka arobaini, nikamwambia: nikisema sasa, vunja. Alifanya nilivyofanya mimi mara ya kwanza. "Umeomba," nikamwambia. Mara ya pili alikuwa amekasirika, na hasira ikamsaidia. Gari lilisimama palepale, vumbi likatupita mbele. Pia ilitupita ndoo ya dagaa ambayo mama yake alikuwa ameinunua Mwaloni Kirumba alfajiri na kuiweka kati ya viti bila kuniambia. Kifuniko kilikwenda upande wake, dagaa upande wao: kwenye dashibodi, kwenye matundu ya hewa, ndani ya kola ya shati langu la kanisani.

Tuliokota mpaka saa nane. Mpaka leo ukiwasha kiyoyozi, gari linanuka Mwaloni.